Nina picha kumi na moja za viazi, mwalimu anataka sita: nichague zipi?

Mwanafunzi wa Uyole

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Ninasoma kozi ya upigaji picha hapa Mbeya, na kazi tuliyopewa inatutaka tufuatilie zao moja kutoka shambani hadi kwa mlaji kwa picha sita, zilizosafishwa kwa saizi ya inchi 8 kwa 10, kila moja ikiwa na maelezo yasiyozidi sentensi mbili. Nilichagua viazi mviringo. Kwa siku tatu nilizunguka Isongole, Uyole na Mwanjelwa nikiwa na kamera ya kuazima pamoja na simu yangu, nikarudi na picha 214, ambazo nimezipunguza kwa taabu hadi 11.

Mbili ni za mashamba ya Uporoto alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Ipo ya mikono ya bibi mmoja akifukua viazi, udongo mweusi umeganda kwenye kucha, na nyingine ya bibi huyohuyo akiitazama kamera huku akicheka. Yupo kijana anayeshona gunia la lumbesa (lililojazwa kupita kipimo), uso wake ukionekana wazi kabisa, na mwenzake aliyebeba gunia kuelekea barabarani, ila picha hiyo imetikisika kidogo. Lipo lori likipakiwa, picha mbili za mama wa Mwanjelwa akijaza viazi kwenye sado (ndoo ndogo ya kupimia), na karai la chipsi linalofuka mvuke. Ya mwisho ni Ziwa Ngozi, ambalo nililipandia siku ileile kwa kuwa njia yake inaanzia upande huohuo wa Isongole. Nilipanda kwenye matope huku nikishika mizizi ya miti, na kwa macho yangu hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Naomba ushauri juu ya mambo matatu: je, Ngozi inaweza kuingia kama picha ya mazingira ya zao, je, ni sawa kuwasilisha picha ya kijana wa lumbesa, na je, picha iliyotikisika ina nafasi yoyote?

Mzee wa Studio, Iringa

Marahaba, mwanangu. Ngozi iache. Sisemi ni mbaya, maana sijaiona, lakini haina kiazi ndani yake, na mtu atakayeitazama bila wewe kuwepo hatayaona matope uliyoyapanda. Ataona maji, kisha atajiuliza yameingiaje kati ya gunia na lori. Kosa hilo nililifanya mwenyewe enzi za filamu, tulipokuwa na picha 36 tu kwa rola moja. Nilikwenda kwa miguu hadi kwenye nguzo za Isimila nikafika saa sita mchana, jua likiwa utosini na vivuli vimejificha chini ya miamba, na mawe yale yote yakatoka bapa kama boksi lililokanyagwa. Niliitetea picha ile kwa miezi kadhaa, na sababu yangu kubwa ilikuwa miguu iliyoniuma.

Hizo kumi zinazobaki zisafishe kwa saizi ndogo ya inchi 4 kwa 6, uzitandaze juu ya mkeka, halafu uondoe moja moja huku ukijiuliza ni kitu gani kimepungua katika safari ya kiazi. Usipokiona kilichopungua, hiyo uliyoiondoa isirudi. Kwa zile pacha, yaani mashamba na sado, tazama pembe za picha kabla ya kutazama katikati, kwa sababu huko ndiko zinakojificha ndoo zilizokatwa nusu na mikono isiyo na wenyewe.

Jambo moja ambalo vijana wengi hulisahau: inchi 8 kwa 10 hailingani na umbo la picha zako. Kamera nyingi hutoa picha yenye uwiano wa 3 kwa 2, ambayo ingekuwa 8 kwa 12, kwa hiyo inchi 2 nzima zitakatwa kwenye urefu. Za simu, zenye uwiano wa 4 kwa 3, hupoteza kama theluthi mbili za inchi. Kata mwenyewe kabla ya kufika studio. Ukimwachia mwendesha mashine aamue, atakukata vidole vya yule bibi.

Mwalimu wa Njombe

Mimi nina neno juu ya lumbesa. Gunia lililowekwa kilemba juu ya mdomo wake limekatazwa, na anayepunjwa ni mkulima, lakini kijana anayelishona hakununua viazi hivyo wala hakupanga kipimo. Analipwa ujira wa kushona. Ukiubandika uso wake ukutani, yeye ndiye atakayebeba lawama za tajiri wake. Hata kabla hatujaifikia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ni suala la adabu tu: rudi kwake, mwoneshe picha, mweleze itakwenda wapi, na ukubali jibu lake. Akikataa, tafuta katika zile 214 picha inayoonesha mikono, sindano na uzi. Na katika maelezo, andika kile kinachoonekana, mahali na tarehe, bila kumhukumu mtu.

Msomaji wa Tukuyu

Mwalimu, pamoja na heshima zote, ukiiondoa lumbesa unakuwa umeisimulia nusu ya safari ya kiazi cha huku kwetu.

Mwalimu wa Njombe

Sijasema aiondoe, ndugu yangu. Kilemba cha gunia kinajieleza chenyewe hata bila uso wa mtu.

Fundi wa Mafinga

Kuhusu picha iliyotikisika, ikuze kwenye kompyuta hadi ukubwa wake kamili, kisha uangalie mawe ya barabarani. Ikiwa mawe yametulia na ni miguu ya kijana tu iliyofifia, huo ni mwendo wake, na mimi ningeiweka bila wasiwasi. Ikiwa hata mawe yanaonekana mawili mawili, basi mkono wako ndio uliotikisika, na hakuna programu itakayokuokoa. Siku nyingine, kwa mtu anayetembea, weka kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi.

Usitume picha studio kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa sababu huzibana. Zihamishe kwa waya au zitume kama dokumenti. Saizi yako, kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 2400 kwa 3000. Simu ya megapikseli 12 hutoa takriban 3000 kwa 4000, kwa hiyo inatosha, lakini ukikata ukabakiza nusu ya kila upande, utabaki na pikseli za kutosha inchi 5 kwa 6 na ushee tu. Na zile za alfajiri, punguza mwanga wa kioo kabla ya kuzihariri, la sivyo karatasi itakutolea giza.

Mwanafunzi wa Uyole

Nawashukuru sana. Jumamosi nilirudi Isongole. Kijana wa lumbesa aliitazama picha kwa muda mrefu, akacheka, kisha akaniomba nisiitumie, kwa hiyo nimechukua ile ya mikono yake na sindano, ambayo niliitupa mwanzoni kwa sababu haikuwa na uso. Mawe ya barabarani yalikuwa mawili mawili. Mahali pake nimepata nyingine ya simu, kijana akiwa amenipa mgongo na gunia limemfunika hadi shingoni.

Nilipozitandaza mkekani, mikono ya bibi na mikono ya mshonaji zilikuwa zinagombana, zikiwa zimekaa bega kwa bega, hivyo nimemweka bibi akicheka. Mpangilio sasa ni shamba, bibi, sindano, mgongo, sado na karai. Lori limetoka, na sikuona pengo.

Bibi ameomba nakala ya picha yake. Nitamsafishia na ile ya mikono pia, ingawa ameniuliza kwa nini sikusubiri kwanza anawe.