Mjadala: Mizinga ya asali iondolewe kwenye jangwa la umma Marekani?

Mwanamchanga: Namsemea Perdita meconis, nyuki mdogo wa jangwa la Mojave. Hana malkia wala kundi. Kila jike huchimba kishimo chake ardhini na kuwalisha wanawe chavua ya maua ya popi. Mwaka 2018 wanaharakati waliomba serikali imlinde, wakataja hatari kama machimbo ya jasi (madini ya kutengenezea plasta), mifugo na nyuki wa asali. Mimi nasema mizinga iondolewe.

Mrina Asali: Si ndiye yule wa milimita mbili? Nyuki asiye na asali mnamlilia nini?

Mwanamchanga: Huyo wa milimita mbili ni Perdita minima, mwingine kabisa. Jenasi ya Perdita, yaani ukoo wao, ina spishi zaidi ya 600. Na asali si kipimo cha uhai, mzee wangu. Kule jimbo la Utah kuna popi kibete, mmea ulio kwenye orodha ya walio hatarini tangu 1979. Nyuki huyu alikuwa akiuchavusha. Ametoweka huko, na maua yake sasa yanatembelewa na nyuki wa asali wenye damu ya Kiafrika.

Binti Tabora: Hapo ndipo mnaponichoma! Kila baya likitokea, limetoka Afrika. Nyuki wetu walijipeleka wenyewe?

Mwanamchanga: Dada, sijamlaumu mtu. Ndivyo wanavyoitwa.

Binti Tabora: Basi jina ndilo lenye kosa. Malkia walichukuliwa Afrika mwaka 1956 wakapelekwa Brazili kufanyiwa utafiti. Mwaka uliofuata makundi yakatoroka, yakachanganyika na nyuki wa Ulaya. Aliyewabeba ni binadamu. Waitwe nyuki wa Brazili.

Mrina Asali: Brazili ina nyuki wake wasiodunga, nao utawasingizia?

Binti Tabora: Afadhali wewe unaona uchungu wa kusingiziwa.

Kipepeo: Jamani, hata hao wa Ulaya waliletwa na walowezi miaka ya 1600. Walowezi walipofika, Amerika ya Kaskazini haikuwa na nyuki hao wa asali. Kwa nini wao hawaitwi wavamizi?

Mrina Asali: Kwa sababu wanachavusha mashamba, ndugu yangu. Ondoa mizinga uone lozi za California.

Mwanamchanga: Lozi hazioti kwenye udongo wa jasi wa jangwani, mzee. Nimeuliza juu ya jangwa.

Binti Tabora: Kwanza futa hilo neno "Kiafrika" kwenye maelezo yako, ndipo tuzungumzie jangwa.