Chama cha wahitimu wa chuo cha maafisa: tuanze na mnara au na rejista?

Katibu wa Chama

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni katibu wa chama cha wahitimu wa chuo kimoja cha mafunzo ya maafisa wa jeshi. Michango yetu sasa inatosha kazi moja kubwa, na hapo ndipo tulipogawanyika: wazee wanataka mnara wa kumbukumbu kando ya uwanja wa gwaride, ilhali vijana wanataka fedha ziwasaidie maafisa wanafunzi waliopo. Wakati huohuo tuna kabati lililojaa picha za kozi za zamani, pamoja na panga mbili za gwaride zisizojulikana ni mali ya nani. Tuanze na lipi, na mpaka kati ya chama na chuo uwe wapi?

Mstaafu

Afande katibu, anzeni na majina. Chuo cha West Point kule Marekani kilianzishwa mwaka 1802, lakini chama cha wahitimu wake kiliundwa mwaka 1869, miaka minne baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo viliwafanya watu waliolala bweni moja kuelekezeana mizinga. Walihitaji kitu cha kuwakutanisha tena. George Cullum, mhitimu wa mwaka 1833, alikuwa ameshaanza kuandika rejista ya wahitimu wote, kila mmoja na namba yake, namba 1 ikiwa ya Joseph Swift. Cullum alipigana upande wa serikali, na habari za waliojiunga na waasi alizikata fupi mno, ila hakumfuta mtu wala kumnyang'anya namba. Jumba lenye jina lake lilijengwa baada ya kifo chake, kwa fedha alizoziacha katika wosia, rejista ilitangulia.

Mtunza Nyaraka

Namuunga mkono Mstaafu, na naongeza la kabati. Niliwahi kukabidhiwa picha ya kozi yenye safu nne za vijana, nyuma yake pameandikwa mwaka peke yake. Tulimketisha mzee mmoja wa kozi ile mbele ya nakala iliyokuzwa, akawa anaweka kidole uso mmoja baada ya mwingine. Wa tatu kutoka kushoto alimtambua kwa kofia iliyolala upande, kosa ambalo, kwa maelezo yake, lilimkimbiza mwenzake kuuzunguka uwanja siku ileile ya picha. Habari ya namna hiyo haimo katika faili lolote, kwa hiyo rekodini sauti wakati mzee anazungumza. Majina yaandikwe kwenye nakala; kwenye picha halisi tumieni penseli laini, kamwe si kalamu ya wino. Kila anayetoa kitu atie sahihi hati inayosema kama ametoa moja kwa moja au ameazima, maana wajukuu huja kuuliza. Panga nazo zisikae kwa katibu: mjulisheni mkuu wa chuo ili daftari la ghala la silaha likaguliwe.

Mweka Hazina

Tusiwabeze wanaotaka mnara. Chuo cha kijeshi cha Kingston, Kanada, kilichofungua milango mwaka 1876 kwa vijana 18, kina tao la mawe la mwaka 1924 lililojengwa kwa michango ya wahitimu na marafiki zao, likiwa na majina ya waliokufa vitani. Angalieni lakini kwamba mchonga mawe huletewa orodha iliyokamilika. Jina likikosewa kwenye karatasi linafutika, kwenye jiwe ni aibu ya kudumu.

Kuhusu mpaka, chakula, malazi, sare na mafunzo ni wajibu wa serikali. Chama kikinunua viatu mwaka huu, mwaka ujao fungu la viatu litapunguzwa kwa sababu "wahitimu wapo". Saidieni maktaba, michezo na mwanafunzi aliyeumia mazoezini, kwa makubaliano ya maandishi, na katiba yenu imkataze mwanachama kutumia mchango wake kumwombea mwanawe nafasi ya usaili. Hilo la mwisho ndilo litakalowagombanisha, niaminini.

Katibu wa Chama

Nashukuru sana. Kikaoni nitapeleka hoja ya rejista kwanza, na mnara usubiri orodha. Barua ya panga nimekwisha kuiandika: mmoja una namba iliyochongwa karibu na mpini, wa pili namba yake imefutika kwa kusuguliwa na dawa ya kung'arisha shaba.