Trela ya kulala ya mkononi, Highlander yangu itaivuta kweli?

Baba_Nuru (Dallas)

Wakuu habari za wikendi. Naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga wa hela ndefu. Tuko Dallas mwaka wa 9 sasa, watoto watatu, kila likizo ya shule ni hoteli, mkifika watu watano wanataka mchukue vyumba viwili, chakula cha kununua asubuhi mchana jioni, wife akaja na wazo tununue RV tuwe tunatembea na nyumba yetu. Nilicheka. Baadaye nikajikuta naangalia picha za matrela saa nane za usiku badala ya kulala, ndo nikajua nimenasa.

Jumamosi tukaenda kwa dila mmoja nje ya mji, kuna trela ya 2016, vitanda vya ghorofa kwa watoto, kitanda chetu mbele, jiko la gesi, choo na bafu, meza inageuka kitanda. Anataka dola 13,500. Karatasi inasema uzito pauni 4,400. Gari yangu ni Highlander V6 ya 2018, kitabu chake kinasema inavuta mpaka pauni 5,000. Kijana wa mauzo akapiga hesabu palepale akasema unabaki na 600 za bure, hutasikia hata kama kuna kitu nyuma. Ndani safi, inanukia vizuri sana, wameweka vinukio kila kona. Ila anasema kuna mteja mwingine anakuja Jumanne.

Nilipie? Mimi sijawahi kuvuta hata mkokoteni.

Mnyalu_Minnesota

Kaka pumua kwanza. Huyo mteja wa Jumanne namjua, nimekutana naye kwa kila dila niliyowahi kwenda, huwa haji.

Hiyo 4,400 ni trela tupu kama ilivyotoka kiwandani. Haina maji, haina nguo, haina sufuria za mama Nuru wala baiskeli za watoto wala mchele (na mchele mtabeba, najua). Maji peke yake, tenki la galoni 40 likijaa ni pauni 330 na ushee. Nenda kaangalie kibandiko kwenye ubavu wa trela, mara nyingi kiko nje mbele upande wa kushoto, kuna namba imeandikwa GVWR, huo ndo uzito wa mwisho inaoruhusiwa ikiwa imepakiwa. Piga hesabu kwa namba hiyo, achana na ya kwenye tangazo. Sitashangaa ukikuta iko karibu na 6,000, na hapo Highlander imeshaaga.

Halafu kuna hesabu ya pili ambayo wauzaji hawaigusi kabisa. Fungua mlango wa dereva wa gari yako, kuna kibandiko kinasema watu na mizigo kwa pamoja wasizidi pauni fulani. Sasa trela ikikaa vizuri inalalia nyuma ya gari kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake. Trela ya 5,300 ukichukua asilimia 12 ni pauni 636 zimekaa nyuma yako, na zinahesabiwa kama mzigo wa gari!! Ongeza wewe, mama, watoto watatu na vya kwenye buti. Gari inakaa chini nyuma, mbele inanyanyuka, stelingi inakuwa nyepesi kama umeshika kasia. Ukisema uhamishie mizigo nyuma ya trela ili gari lisilale, trela inaanza kutingisha mkia, na lori likikupita kwenye I-35 ndo utamkumbuka Mungu. Mimi nilikodi ya hivyo nikaivuta na SUV yangu kutoka Minneapolis mpaka Duluth, maili 150 hivi, nilifika vidole havikunjuki na mke wangu hajasema neno njia nzima, na huyo ni mtu anayeongea mpaka usingizini.

Lingine la haraka, hapo Texas trela ikizidi pauni 4,500 inatakiwa iwe na breki zake yenyewe, na kwenye gari unafungiwa kidude cha kuziendesha hizo breki. Uliza gharama yake kabla hujasaini kitu.

mama_Tausi

Mimi mambo ya uzito namwachia mume wangu ana pikapu ya F-150, ila baba Nuru hiyo harufu nzuri ndo imenishtua. Trela ya miaka yote hiyo kwa nini inukie kama saluni?

Yetu tulinunua kwa mtu binafsi dola 11,000, mwezi wa tano, jua kali, kila kitu kikavu. Mwezi wa nane tuko kambini mvua ikapiga usiku kucha, asubuhi mwanangu anasema mama godoro limelowa. Nikamgombeza jamani. Mtoto wa miaka 9 unakojoaje kitandani, tena kwenye kitanda cha watu. Akaapa siyo yeye, akalia, nikamwambia nyamaza. Usiku wa pili akalala dada yake pale, naye kaamka kalowa mgongo mzima. Ndo tukanyanyua godoro, nikabonyeza ubao wa ukutani kwa kidole gumba, kidole kikazama kama nabonyeza keki. Maji yalikuwa yanaingia kwenye kona ya paa miaka na miaka, aliyetuuzia kapaka rangi juu. Fundi alitutajia dola 6,800. Yule mtoto mpaka leo namnunulia aiskrimu bila sababu.

Kwa hiyo rudi huko, ukiweza siku moja baada ya mvua. Bonyeza kwa kidole kila kona, chini ya madirisha, ndani ya makabati ya juu, kuzunguka kiyoyozi cha darini. Sakafu ikanyage kwa kisigino mlangoni na pembeni ya choo. Halafu toka nje, simama mwisho wa trela uuangalie ukuta kwa ubavu jua likiwa limeinama, ukiona umevimba vimba kama chapati ikiwa kikaangoni ujue maji yameshaingia nyuma ya ukuta, ondoka tu usibishane na mtu. Na uombe ngazi upande paani. Wakikunyima ngazi jibu umepata.

Kuna wakaguzi wenye cheti cha RV peke yake, utalipa dola mia kadhaa. Mimi niliona ni hela ya kupoteza, si unaona.

Jakom254 (Nairobi)

Wueh, kumbe huko watu wanalala kwa gari kwa kupenda? Huku ukilala kwa gari ni jam ya Mombasa Road 😂

Lakini mimi pia nilikuwa na hii ndoto, nikauliza kuhusu kuleta kampa, nikaambiwa gari ikishapita miaka 8 haiingii Kenya, na hizo za Marekani za stelingi kushoto sahau. So tumebaki na Land Cruiser na hema juu ya paa, na choo ni msitu.

FundiKimya (Houston)

Kodi kwanza. Kwenye mitandao ya Outdoorsy na RVshare watu wanakodisha za kwao, na wengine wanakuletea mpaka kambini wanaipanga wanaunganisha umeme na maji, wewe unafika na Highlander yako na watoto tu. Nendeni Tyler State Park hapo siku tatu mjue kama hata mnapenda, maana watu watano ndani ya chumba kile mvua ikinyesha siyo mchezo.

Ukiamua kununua, tairi usidanganyike na kashata kubwa. Matrela yanasimama juani mwaka mzima, raba inazeeka imesimama. Tafuta herufi DOT pembeni ya tairi usome namba 4 za mwisho, 2318 ni wiki ya 23 mwaka 2018. Zikishafika miaka 5 au 6 toa bei ya tairi zote kwenye bei yake. Friji waambie waiwashe siku moja kabla, hizi za gesi na umeme zinachukua masaa mengi kupoa, mtu akiichomeka umeshafika hapo huwezi kujua kitu.

Tenki la choo, hata kama umeunganishwa na bomba la kambi usiache valvu wazi. Maji yanaenda, mengine yanabaki yanajenga mlima. Acha lijae kama theluthi mbili ndo ufungulie. Huo mlima nimewahi kuuvunja mwenyewe, tuishie hapo.

Na usidhani Texas hakuna baridi, Februari 2021 si ulikuwepo. Mabomba ya trela unatoa maji yote na kuweka ile dawa ya pinki ya RV ya kuzuia kuganda, siyo ya kijani ya rejeta. Pia soma sheria za mtaa wenu, kwetu hairuhusiwi kuiegesha mbele ya nyumba, nalipia yadi kila mwezi.

Baba_Nuru

Mrejesho. Jana nimerudi na wife. GVWR 5,950. Kibandiko cha mlango wangu nilikisoma nikakaa kimya.

Tukaingia ndani naanza kubonyeza kuta, yule kijana ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Wife akaenda moja kwa moja pembeni ya choo, akakanyaga kwa kisigino, sakafu ikaingia ndani ikarudi. Akakanyaga tena ili kijana aone. Kijana akasema hiyo ni kapeti nene za kisasa. Wakuu hakukuwa na kapeti. Ngazi pia ilikuwa imeazimwa.

Tumekodi, Tyler, siku tatu, mwenyewe anatuletea. Shida mpya ni kwamba wife sasa anaangalia bei za F-150.

mama_Tausi

Muache aangalie. Mchele mmepanga kubeba kiasi gani?

Baba_Nuru

Kilo 5, tumepunguza.

Mnyalu_Minnesota

Mtarudi siku ya pili.