Kuteremka kwa miguu kutoka Bulongwa hadi Matema: tujiandae vipi na mzee wa miaka 64?

Mwalimu wa Iringa

Ndugu zangu, habari za leo. Baba yangu alizaliwa Bulongwa, wilayani Makete, na tangu tukiwa wadogo ametusimulia jinsi bibi alivyokuwa akijitwika maharage na kuteremka Milima ya Livingstone hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akayabadilishe kwa vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa huko ufukweni. Sasa amestaafu, ana miaka 64, na ameniomba nimsindikize aipite njia hiyo mara moja tena. Bado ana nguvu, ingawa goti la kushoto humsumbua. Je, ni afadhali tupande kutokea Matema, kule ufukweni, au tuteremke kutokea Bulongwa, na ni miezi gani ziwa huonekana vizuri kutoka juu? Ningesikitika sana afike ukingoni akute ukungu mtupu.

Mkazi wa Matema

Dada, mfikishie mzee shikamoo yangu. Nimeipita njia hiyo kwa kupanda na kwa kuteremka, na ushauri wangu ni kwamba mteremke. Ziwa liko takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari ilhali safu ya milima inapita mita 2,000, na kwa kuwa huu ni ukingo wa Bonde la Ufa, mwinuko wote huo umebanwa katika umbali mfupi, kiasi kwamba anayepanda na jua la Matema mgongoni huchoka kabla hajafika hata nusu ya njia. Laleni Bulongwa, ondokeni alfajiri mkiwa na masweta, na mtafuteni mwenyeji wa kuwaongoza, kwa sababu vijia vya mashambani hugawanyika mara nyingi na si vyote vinavyofika ziwani. Huku chini kuna joto na mbu, kwa hiyo msilale bila chandarua.

Muuguzi, Njombe

Ninakubaliana na ndugu wa Matema kuhusu mwenyeji, lakini kuhusu goti naomba tuwe waangalifu zaidi. Kupanda huchosha pumzi na mapaja, ilhali kinachoumiza goti bovu ni kuteremka, hasa kwenye changarawe inayoteleza. Mzee ashike fimbo mbili, mzigo wake ubebwe na kijana, na mpumzike kabla hajaanza kulalamika, maana wazee wetu huvumilia mpaka mambo yameharibika. Mwanze pia kutembea naye vilimani hapo Iringa wiki kadhaa kabla ya safari. Goti likivimba katika mazoezi hayo, nendeni Matema kwa gari, kisha mpande naye asubuhi sehemu ya chini tu ya mlima. Hata hapo ziwa lote la upande wa kaskazini litakuwa mbele yake.

Mpiga picha wa Mbeya

Kuhusu majira, epukeni Machi hadi Mei, kwa sababu Kyela, wilaya iliko Matema, hupata mvua nyingi mno na njia huwa utelezi mtupu. Septemba na Oktoba ni pakavu, lakini moshi wa mashamba yanayochomwa hulifunika ziwa. Mimi huchagua mwishoni mwa Juni, hewa ikiwa bado imesafishwa na mvua. Kutoka juu utaona tambarare ya Kyela yenye mpunga na kakao, na mito ikiingia ziwani. Siku nyingine huonekana nguzo kama za moshi zikisimama juu ya maji: hao ni wadudu wadogo wa ziwani, mabilioni yao, wanaoruka kwa pamoja. Mwonyesheni mzee, huenda anawakumbuka.

Pangeni pia mfike Ijumaa. Jumamosi ndiyo siku ya soko la vyungu pale Lyulilo, jirani na Matema, ambako Wakisi wa Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi.

Mwalimu wa Iringa

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimemsomea baba majibu yenu, naye amekubali fimbo mbili bila ubishi, jambo ambalo sikulitarajia. Tutaanza mazoezi Jumamosi hii, na goti likiruhusu tutateremka Ijumaa ya mwisho ya Juni. Kuhusu mzigo kubebwa na kijana amekubali pia, isipokuwa chungu atakachonunua Lyulilo, ambacho anasema atakibeba mwenyewe hadi nyumbani.