Barua ya kiwanda SI ushahidi wa mmiliki! Wauzaji wa bastola za kale za shabaha, acheni kutudanganya

Wakuu, nimechoka na huu mchezo. Kila orodha ya mnada Marekani sasa haikosi Smith & Wesson New Model No. 3 ya shabaha "iliyokuwa mali ya" bingwa fulani wa karne ya 19. Ukiomba ushahidi unapewa barua ya kiwanda, yaani barua inayoandikwa kutoka kwenye daftari za zamani za kiwanda, basi.

Isomeni hiyo barua kabla ya kutaja dau. Inasema tarehe bastola ilipotoka kiwandani Springfield, kaliba, urefu wa mtutu, rangi ya chuma na ilipelekwa kwa nani. Huyo "nani" mara nyingi ni mfanyabiashara, kama M.W. Robinson wa New York, aliyekuwa wakala wa kiwanda. Mteja aliyeinunua kwa wakala hayumo kwenye daftari la kiwanda. Sasa barua inayotaja jina la Robinson inageukaje kuwa ushahidi wa mabingwa wa shabaha kama Ira Paine au Walter Winans?

Kinachotakiwa ni karatasi ya enzi hizo yenye namba ya bastola ileile: risiti, orodha ya mirathi, barua ya mwenyewe. Kiapo cha mjukuu kisicho na namba ni simulizi za ukoo. Picha ya bingwa ameshika bastola inayofanana nayo haisaidii, maana No. 3 hizi zilitengenezwa zaidi ya 35,000. Ile ya Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, ilipigwa mnada mwaka 2022 kwa dola 910,625, na bei za namna hiyo ndizo zinazowatoa watu udenda.

Kinachoniudhi zaidi ni bastola ya kawaida kugeuzwa ya shabaha. Kilengeo cha nyuma cha ile ya shabaha kinakaa juu ya komeo linalofunga mtutu, mbele ya nyundo. Tapeli anabadilisha komeo tu, kazi imekwisha. Lakini komeo lina namba! Linganisheni na namba ya chini ya mpini, ya mgongoni mwa silinda, ya kwenye mtutu na ya ndani ya ubao wa kulia wa mpini. Ya komeo ikipishana na hizo, hicho kilengeo kimetoka kwingine.

Jina lililochongwa mlitazame kwa lupa (kioo cha kukuzia). Likichongwa juzi juu ya nikeli ya zamani (madini meupe yanayopakwa juu ya chuma), kingo zake ni kali, nikeli imebanduka pembeni na chini ya herufi chuma kinang'aa. Nyundo nayo kiwandani ilikuwa na rangi za mabaka zinazotokana na kuchomwa kwenye mkaa na mfupa ili iwe ngumu, haikupakwa nikeli. Ukiiona inameta kama kijiko, bastola imepakwa upya. Nyota karibu na namba ya mpini maana yake ilirudi kiwandani kufanyiwa kazi, na muuzaji ana wajibu wa kulisema hilo.

Wenye minada, wekeni picha za namba zote tano na kurasa zote za barua, siyo aya moja mliyoikata. Na mdau mwenye barua ya kiwanda iliyotaja mtu binafsi badala ya duka, aiweke hapa tuisome.