Eti hiyo taa ni ya Japani, huku haitumiki!!!

Abu_Koboko
Naandika sasa hivi, hasira bado ya moto, mnisamehe herufi. Nimetoka kwa yule fundi. Mnamjua. Jina simtaji, ila nikisema Ndeeba hapa Kampala, na ovaroli isiyo na hata tone la oili, nusu yenu mmeshaguna.

HIYO TAA NI YA JAPANI, HUKU HAITUMIKI.

Ndivyo alivyoniambia. Mbele ya watu. Mbele ya vijana wanaoosha magari, mbele ya yule mama wa rolex, zile chapati za mayai, ambaye aliacha chapati iungue apate kucheka vizuri.

Sikilizeni. Lori la mawe lilinirushia jiwe nikikaribia Karuma, kioo cha mbele cha Subaru Forester yangu kikapasuka. Nikampelekea yeye. Akaweka kioo kipya, akapokea hela, akazihesabu, akazihesabu tena. Tangu siku hiyo gari limeingia wazimu. Lina zile kamera mbili juu ya kioo kwa ndani, za kukupigia kelele ukitaka kugonga. Sasa linapigia kelele kila kiumbe. Kivuli cha mwembe, pii! Kaveera, mfuko wa plastiki, inapeperuka, pii! Bwaise tuko kwenye foleni, watu wamezima injini wananunua karanga, gari langu peke yake linalia BREKI! BREKI! Halafu huko Karuma nyani amekaa zake kando ya lami anakula ndizi, gari likafunga breki lenyewe. Mama mkwe aliyekuwa nyuma akabusu kiti cha mbele. Nyani hata hakugeuza shingo. Mama mkwe mpaka leo salamu yangu anaipokea kupitia kwa watoto.

Narudi kwa mheshimiwa. Akapenyeza mkono nyuma ya kile kioo cha kutazamia nyuma, akavuta kitu, ka! Kelele ikakatika. Nikasema alhamdulillahi. Nawasha gari, dashibodi yote taa za njano, sioni hata spidi iko wapi. Nikamwita. Akatazama. Akaingia kibandani, nikajua anafuata mashine ya kupimia. Akatoka na TEPU NYEUSI. Ile ya mafundi umeme. Akafungua dashibodi, akabandika tepu juu ya zile taa, akafunga, akapangusa vumbi na kitambaa. "Tayari, mzee."

Nikamuuliza kwa upole kabisa: fundi, taa imepona au imefunikwa? Hapo ndipo alipoweka mikono kiunoni, akapandisha sauti ili Ndeeba nzima inufaike: "Mzee wangu, hiyo taa ni ya Japani. Huku haitumiki."

Haitumiki! Gari lote limetoka Japani, mbona usukani unatumika? Na hela yangu ilitumika vizuri sana, hata hakuuliza imetoka wapi. Kijana wa juzi juzi, mdomoni ananiita mzee wangu, mkononi ameshika tepu.

Ya Japani, jamani. Huku haitumiki. Natoa gari getini, yule mama wa rolex ananipigia kelele, "Ssebo, na hiyo honi nayo ni ya wapi?"

Sina swali. Nilitaka mjue.

Dereva_Pakwach
Nimeelewa yote isipokuwa nyani. Alikuwa mkubwa kiasi gani?

Binti_Bombo
Pole kaka. Huyo huyo aliniambia taa ya eabegi inawaka kwa sababu gari "limezoea". Limezoea nini, mpaka leo sijui. Nikalipa.

Spana_Kumi
Mimi ni fundi, ila si yule. Zile kamera zinapima umbali kwa kulinganisha picha ya kushoto na ya kulia, na zote zinatazama kupitia kioo. Ukibadilisha kioo lazima zipimwe upya kwa kibao maalumu na mashine. Kioo kikiwa si chenyewe, picha inapinda kidogo tu, gari linaona ukuta mahali pasipo na ukuta. Alichokifanya ni kuchomoa waya wa kamera, ndiyo maana kelele imekufa na taa zimezaliwa. Magari hayo mfumo mmoja ukianguka, mingine inajitoa nayo, kila mmoja na taa yake. Sasa Abu, nenda kafungue hiyo tepu. Njano ni onyo, unaweza kufika nyumbani ukatafuta fundi kesho. Nyekundu ni simama. Kama amefunika mpaka taa ya oili, siku presha ikishuka hutaambiwa na mtu, utasikia injini inagonga, na hapo ni kununua nyingine.

Abu_Koboko
Kwa hiyo na wewe umekuja kunipandisha presha. Mimi naongelea HESHIMA. Ya Japani!

Mzee_wa_Jinja_Road
Fundi amekosa adabu lakini hajakosea sana. Huo mfumo unataka uache nafasi mbele yako. Hebu acha nafasi Jinja Road saa kumi na moja jioni. Wataingia boda wawili, muuza maji, na taksi yenye mbuzi juu ya paa. Mimi yangu niliizima kwa swichi. Swichi ipo, Abu. Hukuiona?

Abu_Koboko
Swichi ni ya gari ambalo kioo chake kiliwekwa na mtu mwenye akili.

Dereva_Pakwach
Kwa hiyo hukuiona.

Mukwano_wa_Wote
Banange, mama mkwe hakuumia? Hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Binti_Bombo
Alibusu kiti. Imeandikwa hapo juu.

Mwalimu_Kibuli
Nyinyi mnalalamikia taa. Noah yangu ina mwanamke ndani. Kila nikiwasha gari ananisemesha Kijapani, kwa sauti laini, asubuhi na mapema, mke wangu amekaa pembeni. Nimeshaulizwa "huyo anakwambia nini" mpaka nimeanza kujishuku mwenyewe.

Spana_Kumi
Anakwambia hujaweka kadi ya ETC. Ni ya kulipia barabara za haraka kwao. Kuna kiboksi kidogo chini ya dashibodi, mwambie fundi akitoe, atanyamaza.

Dereva_Pakwach
Mpe shilingi 5,000 zake za Entebbe Expressway mmalize kesi.

Mwalimu_Kibuli
Mke wangu hataki kitolewe. Anasema ni ushahidi.

Mzee_wa_Jinja_Road
😂😂 Mwalimu umekwisha.

Binti_Bombo
Afadhali yako inaongea. Redio yangu inaishia FM 90, na stesheni zangu zote ziko juu ya hapo. Nashika moja tu, ya mchungaji. Natoka Bombo mpaka mjini ananiombea, na mimi Mwislamu.

Spana_Kumi
Redio za kule zinaanzia 76, ndiyo maana. Nunua ekspanda, kale kadude kanakaa kwenye waya wa antena, kanashusha stesheni za juu redio izishike.

Mzee_wa_Jinja_Road
Ekspanda inakoroma, usimdanganye mtoto wa watu. Abadilishe redio yote.

Spana_Kumi
Akibadilisha redio, kamera ya nyuma inaweza kukataa.

Binti_Bombo
Kamera ya nyuma sina. Iling'olewa siku moja na vioo vya pembeni, nimeingia dukani kununua sukari tu.

Dereva_Pakwach
Aaa, vioo vya pembeni tusivianze. Changu nilikikuta kinauzwa sokoni, na ule mkwaruzo wangu wa geti la nyumbani upo pale pale. Muuzaji akaniapia kwa Mungu kimetoka Dubai.

Mukwano_wa_Wote
Hukuita polisi?

Abu_Koboko
Alitaka shilingi ngapi?

Dereva_Pakwach
Alianza na laki mbili.

Abu_Koboko
Kimoja au vyote viwili?

Dereva_Pakwach
Kimoja! Nikabishana naye mpaka laki na ishirini, nikalipa. Ningefanyaje, kiliingia sawasawa.