Kutafuta makala za korosho kwenye maktaba ya chuo

Shikamooni wanakusini wenzangu. Nasoma shahada ya uzamili ya kilimo hapa Uholanzi, naandika juu ya ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu, kwenye mikorosho ya kwetu. Nikiandika "ubwiri unga Mtwara" kwenye kanzidata ya chuo, hakuna kitu. Nikiandika "cashew disease" zinamiminika makala za India na Brazil. Nifanyeje?

---

Marahaba mdogo wangu. Makala zipo, watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wameufanyia kazi ugonjwa huo miaka mingi. Tatizo ni maneno. Kompyuta ya maktaba haijui unakusudia nini, inalinganisha herufi tu.

Fungua utafutaji wa kina, ule wenye visanduku kadhaa, kila kisanduku wazo moja. Cha kwanza ni zao: cashew* OR Anacardium, jina la kisayansi la mkorosho; OR ni "au", lolote kati ya hayo. Nyota hiyo inakusanya cashew, cashews na cashewnut. Bodi ya Korosho huandika cashewnut neno moja, kwa hiyo bila nyota ripoti za nyumbani zinakupita. Cha pili ni ugonjwa: "powdery mildew" ndani ya alama za kunukuu, halafu OR Oidium OR Pseudoidium, kwa sababu kuvu hiyo ina majina yote mawili, la zamani na la karibuni. Usiandike anacardii, sehemu ya pili ya jina la kuvu hiyo, peke yake, itakuletea na Helopeltis anacardii, yule mdudu anayenyonya machipukizi. Kama unagusia dawa, ongeza sulphur OR sulfur. Waingereza na Wamarekani hawaiandiki salfa sawasawa.

Mahali paweke mwisho, tena anza na Tanzania. Wengi kwenye muhtasari huandika Tanzania tu, Newala au Masasi unaikuta ndani kabisa, kwenye mbinu za utafiti. Ukishikilia Mtwara mapema utazikosa makala nzuri. Na India usiiondoe kwa NOT: makala inayolinganisha India na Tanzania itaondoka nayo.

Ukipata moja inayokufaa, usikimbilie nyingine. Tazama maneno muhimu yaliyoorodheshwa chini ya muhtasari, tafuta upya kwa hayo, kisha angalia nani wameinukuu. Hapo ndipo kazi inapofunguka. Ukikwama, nitumie maneno uliyoandika vilevile yalivyo, nitayapitia jioni.

---

Niongeze kwa wanaosoma historia. Mkoa wa Lindi ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, na wakati wa Mwingereza yote ilikuwa Southern Province ya Tanganyika. Kwa hiyo mashamba ya karanga ya Nachingwea yatafute kwa "groundnut scheme" na Tanganyika, si Tanzania. Tendaguru, kilima cha Lindi chenye mifupa ya dinosaria, Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913, basi ongeza Deutsch-Ostafrika, na mjusi wetu mkubwa, dinosaria aliyesimamishwa Berlin, mwandike Brachiosaurus OR Giraffatitan. Maji Maji iandike kwa nafasi, kwa kistari na kwa kuunganisha. Mto Ruvuma, jaribu na Rovuma.